Kujilinda kwa vitu vya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Tanga

Wanaouliza maswali haya ni akina mama wanaofungua genge alfajiri, vijana wa bodaboda wa Kange, walinzi wa usiku, na wapangaji wa Ngamiani wanaolala chumba cha mbele. Karibu hakuna anayeuliza kuhusu bunduki. Wanauliza kuhusu pilipili, jiki, mchi, maji ya moto na panga lililo chini ya kitanda. Majibu yanahusu sheria ya Tanzania Bara. Kama tayari una kesi, mtafute wakili au msaidizi wa kisheria, kwa sababu neno moja kwenye maelezo ya polisi linaweza kugeuza kila kitu.

Je, sheria inaniruhusu kujilinda?

Ndiyo, na si kwa hisani ya polisi wala hakimu. Haki hiyo imeandikwa kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18. Unaweza kujilinda wewe mwenyewe, kumlinda mtu mwingine hata kama humjui, na kulinda mali: yako, uliyokabidhiwa, au ya mwenzio. Mlinzi wa ghala la mkonge ana haki hiyo sawa na mwenye ghala. Aliyeitumia ipasavyo hana kosa, hata kama mvamizi ameumia.

Sharti lake ndilo linalowapeleka watu Gereza la Maweni. Nguvu unayotumia iwe ile tu inayohitajika kuzuia shambulio. Ikizidi, utajibu kwa kosa lililotokana na kule kuzidi. Ikizidi na mtu akafa, sheria inahesabu kuwa umeua bila kukusudia, na adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha.

Kuna orodha ya vitu vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa?

Kwa kujilinda, hakuna. Huwezi kufungua sheria ukakuta mwiko ruksa, mchi marufuku. Chochote ulichokishika kwa sababu kilikuwa karibu, iwe sufuria, pasi, kufuli, ufagio au kigoda, kinaweza kuwa kinga halali. Na hicho hicho dakika mbili baadaye, mvamizi akiwa chini anaomba msamaha, kinakuwa kielelezo cha kosa lako.

Ila kitu ulichokiokota na kitu ulichokiandaa havitazamwi kwa jicho moja. Kuna chupa moja ambayo watu wengi wanayo siku hizi nyuma ya mlango: ya soda, ndani ina dawa ya choo, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto ili ukiiminya itoe mchirizi. Ukiulizwa mahakamani chupa ile ilikuwa ya kazi gani, jibu la usafi huna. Maandalizi peke yake hayakufanyi mhalifu, lakini yanampa mwendesha mashtaka hoja kwamba ulidhamiria kuumiza kabla hujaona hatari yoyote.

Nguvu inayostahili inapimwaje?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine yote yanarudi hapa, kwa hiyo lisome taratibu.

Mahakama haikai na mizani ya dhahabu kupima kila pigo la mtu aliyeshtuka usingizini. Inajiuliza mambo mawili: uliamini kweli kwamba uko hatarini, na je, imani hiyo ilikuwa na sababu za msingi kwa hali ilivyokuwa pale? Halafu inatazama ulichofanya. Katika rufaa ya jinai namba 150 ya 1994, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo yanayoonyesha kama aliyeua alikuwa na dhamira ovu: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyoyatamka, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Kesi ile ilikuwa ya mauaji, lakini ukimsikiliza polisi anavyokuhoji kuhusu jeraha la kawaida, utasikia maswali yanapita njia hiyo hiyo.

Chukua mama anayerudi kutoka soko la samaki la Deep Sea na beseni lake. Kijana anamkwapua pochi, mama anampiga mkononi kwa beseni, pochi inaanguka, kijana anakimbia. Hakuna mahakama itakayomsumbua mama huyo. Sasa badilisha kidogo: kijana ameanguka, mama amechukua kisu cha kuparia samaki, anamchoma mgongoni akiwa chini. Pochi imeshapatikana. Hatari imekwisha. Kile kisu hakikulinda kitu.

Au mchi. Pigo la kwanza begani kwa mtu aliyekushika kanga shingoni linaeleweka. La pili pia, kama bado hajakuachia. La tano kichwani kwa mtu asiyeinuka, hapo utahitaji maelezo ambayo pengine huna. Hasira yako inaweza kuwa ya haki kabisa, lakini haki ya kujilinda inaisha pale shambulio linapoisha.

Je, pilipili ni salama kisheria?

Kati ya vitu vyote vya jikoni, pilipili ndiyo inayoulizwa zaidi, na kwa sababu nzuri: inauma sana lakini kwa kawaida haiachi kilema. Unga wa pilipili uliomrushia mtu anayekubaka, anayekunyang'anya au anayekuvamia nyumbani ni nguvu ndogo ukilinganisha na hatari unayoikabili, na hilo liko upande wako.

Ila usiichukulie kama mchezo. Ikivutwa na mtu mwenye pumu, au ikapuliziwa ndani ya bajaji iliyojaa abiria, madhara yanaweza kuwa makubwa kuliko ulivyokusudia. Na kumrushia mtu kwa ugomvi wa foleni ya maji, au jirani aliyekutukana, ni shambulio la kawaida kama kumpiga ngumi. Akiumia mwili, shambulio la kudhuru mwili lina kifungo cha hadi miaka 5.

Upepo wa pwani nao ni wa kuufikiria. Kusi likivuma Raskazone, unga unaourusha unakurudia wewe. Anayeingiliwa na pilipili machoni aoshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka, asisugue, na hili lifanyike hata kama aliyeingiliwa ndiye mvamizi. Kumsaidia baada ya hatari kwisha kunaonekana vizuri mahakamani, na ni utu.

Nimeona ujumbe WhatsApp kwamba dawa ya wadudu ya kopo inamwangusha mwizi. Ni kweli?

Ujumbe huo umezunguka miaka mingi, na asili yake ni Marekani, ambako walioueneza walikuwa wanasifia dawa ya nyigu inayofika mbali. Huko kwenyewe, kutumia kiuatilifu kinyume na maelekezo ya lebo yake ni kosa kwa sheria ya shirikisho, na kila kopo limeandikwa hivyo.

Huku kwetu shida ya kwanza ni kwamba haifanyi kazi inayosemwa. Dawa nyingi za mbu na mende zina pareto au kemikali za jamii yake, ambazo zinavuruga neva za mdudu haraka sana kuliko za binadamu. Mtu mzima mwenye panga hataanguka. Atakohoa, atakasirika, na wewe umetumia sekunde ulizokuwa nazo za kukimbia. Juu ya hapo, makopo mengi yana gesi inayoshika moto. Ukipuliza karibu na jiko la mkaa au kibatari, wa kuungua ni familia yako.

Jiki na dawa ya choo je?

Hapa niseme wazi: usitumie, isipokuwa ni kufa na kupona na huna kingine mkononi. Dawa nyingi za choo zina asidi, na jiki ni kemikali kali. Zote zinaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Kulitia jicho upofu ni dhara kubwa, na kusababisha dhara kubwa kinyume cha sheria kuna kifungo cha hadi miaka 7. Uking'ang'ania kwamba ulikuwa unalinda simu ya shilingi laki moja na nusu, utapata taabu kumshawishi hakimu kwamba jicho la mtu lilikuwa bei yake.

Na kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo ukidhani unatengeneza kitu kikali zaidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, wa kwanza kuivuta ni wewe na watoto.

Na tindikali?

Hapana. Kanuni ya Adhabu imeitaja bayana: kumrushia mtu kimiminika kinachounguza kwa nia ya kumlemaza au kumharibu sura ni kosa lenye kifungo cha maisha. Nchi hii inajua tindikali inafanya nini. Mwaka 2013 wasichana wawili Waingereza waliokuwa wakijitolea Zanzibar walimwagiwa, na habari ile ikaenda dunia nzima. Walioumizwa na tindikali hapa kwetu bila kuandikwa magazetini wanabeba makovu yao kimya.

Kemikali za aina hii zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Fundi wa betri ana sababu ya kuwa nayo gereji. Wewe ukikutwa nayo chumbani kwenye chupa ya maji, anza kufikiria utaeleza nini.

Nilikuwa nakaanga mihogo, mtu akanivamia, nikammwagia mafuta. Nina kosa?

Inategemea ulichokuwa ukikikwepa. Karai lilikuwa jikoni kwa kazi yake, hukuliandaa kwa ajili ya mtu, na hilo linakusaidia. Kama alikuja na kisu, au alikushika akitaka kukubaka, una hoja nzito. Kama alikuja kudai deni na kukutukana mbele ya wateja, huna.

Mafuta ya moto yanaunguza kuliko maji kwa sababu joto lake ni kubwa zaidi na yanaganda kwenye ngozi, kwa hiyo daktari ataandika dhara kubwa na mahakama italisoma. Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: kuchemsha maji ukimsubiri mtu arudi. Muda wa maji kuchemka ni muda wa kufunga mlango, kuita majirani, au kuondoka. Mwendesha mashtaka atauhesabu.

Je, naweza kutumia haki hii dhidi ya mume wangu?

Ndiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Anayekupiga anakushambulia, awe mume, shemeji au mgeni, na una haki ile ile ya kujikinga kwa kadiri ya hatari.

Nasikitika kusema kwamba wanawake wengi wanafika kwenye sheria wakiwa wamechelewa: wamepigwa miaka, hawakuwahi kuripoti, halafu siku moja mchi au mafuta yametumika na mume yuko hospitali ya Bombo, na sasa yeye ndiye mshtakiwa. Dada yangu, kila ukipigwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, tibiwa, hifadhi nakala. Mwambie mwenyekiti wa mtaa. Kumbukumbu hizo zitakusemea siku ambayo neno lako peke yake halitatosha. Akikupiga na wewe ukamngojea asinzie ndipo umdhuru, sheria haitaita hiyo kujilinda, hata kama kila mtu mtaani anajua ulivyoteseka.

Mwizi ameingia ndani usiku. Panga liko chini ya kitanda.

Kumiliki panga nyumbani si kosa. Na sheria inakubali kwamba kuna hali ambapo kujilinda kunaweza kufika hadi kusababisha kifo au dhara kubwa: unapohofia kwa sababu za msingi kwamba utauawa au kuumizwa vibaya, mvamizi anapotaka kubaka, kulawiti au kuteka, au anapovunja nyumba usiku, kufanya unyang'anyi au kuchoma moto. Lazima uwe umetenda kwa nia njema na kwa imani ya kweli kwamba ilikuwa lazima.

Kwa hiyo aliyevunja mlango saa nane usiku na nondo mkononi si sawa na kijana uliyemkuta uani anaanua nguo kwenye kamba. Kwa wa pili, washa taa, piga kelele. Nyumba za Ngamiani zimebanana. Kelele ya mwizi inaamsha mtaa mzima, na wengi huchupa ukuta hapo hapo.

Akikimbia, naruhusiwa kumfukuza?

Raia anaruhusiwa kumkamata mtu aliyefanya kosa mbele yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumkamata, basi. Ukimfikia na kumkatakata, kinga yako imekwisha zamani.

Hapa ndipo balaa kubwa linapotokea. Mtu amekamatwa, amekaa chini, mikono kichwani, na kila anayefika anatupa tofali lake. Baadaye wanatajwa kuwa wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni utetezi. Sheria haiutambui utetezi huo. Wote walioshiriki wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa hadi kufa. Vijana wa ulinzi shirikishi wasikie hili pia: kazi yao ni kukamata na kukabidhi, wala hawana ruhusa ya kumcharaza mtu ofisi ya kata.

Nimetega waya wa umeme dirishani, na chupa zimesimikwa juu ya ukuta.

Utoe waya huo leo. Umeme hautambui mwizi na mtoto anayefuata mpira. Uliyemtegea akifa ukiwa umelala, utasema ulihofia maisha yako dhidi ya nani? Vigae vya chupa juu ya ukuta mrefu vinaonekana na vinamwonya mtu, hivyo ni jambo jingine, japo jirani akivilalamikia mkae mzungumze. Upupu kwenye kitasa nao, ambao wengine wanauona mzaha, ni sumu ya kuwasha unayomwekea usiyemjua.

Naweza kutembea na kisu au nyundo kwenye mkoba?

Kama unatoka au unakwenda kazini, ndiyo. Mvuvi wa Sahare ana kisu, mkata mkonge ana panga, fundi ana nyundo. Bila sababu ya kazi, unajiweka pabaya: ni kosa kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu, na askari wa doria usiku hatakuuliza kwa upole. Tochi yenye mwanga mkali na filimbi havihitaji maelezo.

Vipi kopo la pilipili la kiwandani linalouzwa mtandaoni?

Hilo halikutengenezwa kwa jiko. Limetengenezwa kumpulizia binadamu, kwa hiyo usilinunue wala kuliagiza kabla ya kwenda polisi kuuliza masharti ya kulimiliki. Muuzaji wa mtandaoni akikwambia halina shida, kumbuka si yeye atakayesimama kizimbani.

Tukio limetokea. Nifanye nini?

Piga 112 au mtu apige kwa niaba yako, halafu uwe wa kwanza kufika kituoni. Kwa mji wetu wengi wanakimbilia Chumbageni. Kituo chochote kilicho karibu kinafaa. Anayeripoti kwanza mara nyingi ndiye anayeandikwa mlalamikaji, na kuwahi ni sehemu ya ule mwenendo baada ya tukio ambao mahakama inautazama. Aliyetoroka kwenda kwa shangazi Muheza ana la kueleza.

Omba PF3 hata kama umechubuka tu, na mwonyeshe daktari kila alama, pamoja na kucha zilizovunjika na shingo iliyobanwa. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza. Usifue nguo zenye damu. Usioshe kitu ulichotumia wala kukificha. Piga picha mlango uliovunjwa kabla fundi hajaugusa, na andika majina ya waliosikia kelele.

Kwenye maelezo, sema hofu uliyokuwa nayo na kilichoisababisha: alishika nini, alisema nini, ulikuwa umbali gani, mlango ulikuwa wapi, watoto walikuwa wapi. Usijigambe. "Nilimfundisha adabu" ni sentensi inayofunga watu. Una haki ya kukaa kimya, ya kuwa na wakili au ndugu, na ya kusomewa maelezo kabla ya kutia sahihi. Mahojiano ya msingi yana ukomo wa saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi, mpaka yaongezwe kwa utaratibu wa sheria.

Nitalala ndani?

Inawezekana, hata kama una haki. Kwa shambulio au kudhuru mwili kuna dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi. Mtu akifa, polisi wanaweza kuanza na shtaka la mauaji, na hilo halina dhamana. Utakaa mahabusu mpaka upelelezi umalizike na kesi ifike Mahakama Kuu, ambako mshtakiwa asiye na uwezo anapewa wakili kwa gharama ya serikali. Ukifika huko, kumbuka huna mzigo wa kuthibitisha kwamba ulijilinda. Ukishaibua hoja hiyo, ni upande wa Jamhuri unaopaswa kuiondoa pasipo kuacha shaka. Kwa kesi ndogo, wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hawatozi ada.

Binti yangu anaomba abebe pilipili shuleni.

Usimpe. Shule itamwadhibu, na wenzake wataichezea darasani. Kama kuna mtu anamfuatafuata njiani, hiyo ni taarifa ya kupeleka Dawati la Jinsia au kupiga 116, namba ya kuwasaidia watoto. Abadilishe njia, atembee na wenzake, na mzazi ajue dereva wa bodaboda anayempakia.

Nikivuka kwenda Pemba, Kenya au Uingereza?

Zanzibar wana Sheria yao ya Adhabu, Na. 6 ya 2018. Ukivuka Horohoro, Kenya wanafuata misingi ya sheria ya Kiingereza kuhusu kujilinda, kama Kanuni yao ya Adhabu inavyoelekeza. Uingereza ni kali zaidi kwa unachobeba: kopo la pilipili ni silaha iliyopigwa marufuku chini ya sheria ya silaha ya 1968, kubeba kitu chochote barabarani kwa nia ya kumdhuru mtu ni kosa hata kama nia ni kujilinda, na tangu sheria ya 2019, kubeba kemikali inayounguza hadharani bila sababu nzuri ni kosa pia. Mwenye ndugu anayekwenda kusoma huko amwambie kabla hajafunga sanduku.